Kuvuta karavani kutoka Brisbane mpaka Winton: mwongozo wa mtu aliyejifunza kwa kuyumba

Tangu turudi kila harusi na kila msiba nikikaa na watu naulizwa swali lile lile, kaka ile safari yenu ya kuvuta nyumba mlifanyaje, gari gani, mlilala wapi, hamkuogopa? Tuliogopa bwana. Ila tulifika na tukarudi, mimi, mama watoto na vijana wawili, kutoka Brisbane kwenda ndani kabisa Queensland kwenye vimiji ambavyo wenyeji wanaita autibeki, zaidi ya kilometa 1,300 kwenda tu. Sasa naandika yote mara moja ili nikiulizwa tena nitume hii.

Kwanza ondoa hofu ya jina. Karavani ni tela tu lenye kitanda, jiko na friji. Kama umekulia barabara ya Dar–Morogoro umeshaona matela ya kutosha, na mambo yanayowaua madereva wa malori kule ndiyo yale yale yanayosumbua watu wa karavani huku, yani uzito na haraka. Karibu kila ninachosema chini kinarudi hapo hapo.

1. Chagua mwezi kabla ya kuchagua gari

Nenda kati ya mwezi wa nne na wa tisa. Disemba mpaka Februari kule ndani jua linapiga nyuzi 40 na kuendelea, tairi zinapasuka, watoto wanalia, alafu ndio msimu wa mvua pia. Mvua ya kule usiichukulie poa kwa sababu ardhi kubwa ni udongo mweusi ule wa mfinyanzi, ukilowa unakuwa kama sabuni, gari zuri la fowili linakaa pale pale linazungusha matairi. Kabla ya kutoka kila asubuhi angalia tovuti ya QLDTraffic au piga 13 19 40 watakwambia barabara gani imefungwa. Na ukikuta maji yanakatiza barabara usijipe moyo, geuza.

Julai ni nzuri mchana ila usiku inashuka mpaka karibu na sifuri, sisi watu wa pwani tulivaa makoti kitandani. Alafu likizo za shule kule katikati ya mwaka zinajaza sehemu za kulala kwaiyo kama unaenda kipindi hicho piga simu mapema.

2. Jua namba zako

Hapa ndio watu wanapuuzia na ndio pa maana kuliko pote, vumilia.

Kwenye kila karavani kuna kibati, mara nyingi kiko karibu na mlango au mbele pale kwenye chuma cha kuvutia. Kimeandikwa uzito wa tela likiwa tupu, na uzito wa mwisho linaoruhusiwa likiwa limepakiwa, huo wa mwisho unaandikwa ATM, sio ile ya kutolea hela. Toa huu toa ule, kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kupakia. Tuseme tupu ni kilo 1,800 na ATM ni 2,200. Una kilo 400. Unaona nyingi eh? Matangi mawili ya maji ya lita 80 kila moja, lita moja kilo moja, 160 zimeenda. Mitungi miwili ya gesi ya kilo 9, na chuma chake, ni kama 36. Bado turubai la pembeni, viti, meza, jeki, vyombo, nguo za watu wanne, vyakula, baiskeli za watoto. Umemaliza na mama watoto hajaingiza hata sufuria la pilau.

Upande wa gari nako kuna uwezo wake wa kuvuta. Landcruiser na Hilux nyingi za huku zimeandikwa kilo 3,500 na watu wanadhani basi wamemaliza, hapana, kuna pia uzito wa gari na tela vikiwa pamoja, na familia nzima na mizigo ya kwenye buti vinahesabika humo. Soma kitabu cha gari au muulize fundi wa vifaa vya kuvutia.

Breki: tela likizidi kilo 750 lazima liwe na breki zake lenyewe, likizidi kilo 2,000 breki ziwe kwenye matairi yote na kuwe na kifaa kinachozikamatisha zenyewe tela likichomoka. Kwa karavani nyingi breki ni za umeme na ndani ya gari unafungiwa kidude chenye kitufe karibu na usukani cha kuzikaza. Hicho kidude kikumbuke, tutarudi kwake.

Kama unakodi, soma mkataba kuhusu barabara za vumbi. Mingi inakataza, ukienda huko na ukapata pancha tu ni yako mwenyewe.

3. Pita mizani, tafadhali

Sisi karavani tuliazima kwa mtu ninayefanya naye kazi. Nikapakia kama navyopakia Noah ya kwenda Tanga, kitu kizito nyuma. Jenereta nyuma, gunia la mchele nyuma, madumu mawili ya maji nimeyafunga kwenye bampa la nyuma na kamba, najisikia mjanja. Mpaka Toowoomba poa. Tumepita mji wa Miles, barabara imenyooka, niko mia na kitu, kuna kamteremko kadogo, mbele linakuja lori refu sana likatupita fyuuu na upepo wake, na hapo hapo nikasikia usukani umekuwa mwepesi. Naangalia saiti mira ya kulia naliona tela lote ubavu, naangalia ya kushoto naliona tena. Linaenda kulia linarudi kushoto kama mkia wa mbwa. Mama watoto akasema kwa sauti ya chini kabisa, "baba watoto, nyumba inacheza."

Mguu wangu ukataka kukanyaga breki. Usikanyage. Ukikanyaga breki ya gari, tela linakusukuma kutoka nyuma na linakupindua. Unachofanya: achia mafuta taratibu, shika usukani unyooke usijaribu kulifukuza tela, alafu bonyeza kile kitufe cha breki za tela peke yake, kidogo kidogo. Tela linavutwa nyuma linanyooka. Mimi nilikuwa nimeambiwa hayo na mwenye karavani siku naichukua, nikawa naitikia tu ndio ndio huku nafikiria mambo yangu, namshukuru Mungu kichwa kilihifadhi.

Tukasimama pembeni. Nikapakua kila kitu barabarani pale, nikapanga upya. Kanuni iko hivi: vitu vizito chini na juu ya ekseli, vya wastani mbele kidogo, vyepesi juu makabatini, nyuma kabisa usiweke kitu kizito kabisa. Uzito unaokalia mpira wa chuma wa gari uwe kama asilimia 10 ya uzito wa tela lote, ukiwa mdogo sana ndio mkia unacheza, ukiwa mkubwa sana gari linainua pua na taa zako zinamulika mawinguni.

Alafu peleka mizani. Tumezoea mizani ni ya malori, Kibaha pale enzi zile foleni, lakini huku hata wewe wa karavani unaweza kupita kwenye mizani za biashara, unalipa hela kidogo unapewa karatasi. Fanya hivyo ukiwa umepakia kila kitu na watu wako ndani ya gari, sio tupu. Ningepima kabla ya kutoka ningejua.

4. Kufunga tela, kila siku kwa mpangilio ule ule

Usifanye huku unaongea na mtu. Sisi mmoja anafanya mwingine anakagua na akianza kukagua hakuna stori.

Rudisha gari mpaka mpira wa chuma uwe chini ya kikombe cha tela. Shusha tela kwa kile kigurudumu cha mbele mpaka kikombe kikae, funga loki yake na pini. Sasa jaribio ambalo wengi hawafanyi: zungusha kile kigurudumu kama unainua tena tela. Kama sehemu ya nyuma ya gari inainuka nalo, limeshika. Kama tela linanyanyuka peke yake, hukulifunga, na bora umejua hapo kuliko kwenye mteremko. Minyororo ya usalama ipishane kama iksi chini ya chuma, funga na shakoo zake, vile vyuma vya pini vya kufungia mnyororo. Chomeka waya wa taa, mwenzako asimame nyuma ukague indiketa, breki, taa za usiku. Toa kigurudumu, achia hendibreki ya tela.

Ndani na pembeni: funga gesi kwenye mtungi wenyewe, loki ya friji, madirisha ya juu, ngazi ya mlangoni, antena. Ngazi tuliisahau mara moja na ikatukumbusha kwenye kituo cha mafuta.

Na mtu hakai ndani ya karavani ikitembea, hata mtoto amelala, ni marufuku.

5. Rivasi

Nenda kwenye uwanja mtupu siku ya Jumapili ukajifunze kabla ya safari, ni aibu kujifunza mbele za watu, na watu wa huko wakiona karavani inaingia wanatoa viti nje kuangalia. Mimi nilizunguka dakika ishirini Chinchilla mpaka mzee mmoja wa kizungu mwenye mvi akaja polepole akagonga kioo, akasema shika usukani chini kabisa, pale namba 6 ya saa inapokaa, sasa mkono ukienda kulia tela linaenda kulia, mkono ukienda kushoto tela linaenda kushoto. Basi! Miaka yote nashika juu na kufikiria kinyume. Nenda taratibu kama unasukuma mkokoteni, sogeza kidogo, subiri tela lijibu, ndio usogeze tena.

Utingo wako asimame mahali unapomuona kwenye kioo. Usipomuona simama. Mkubaliane ishara za mikono kabla, kwa sababu ndoa nyingi zinapata mtihani hapo.

6. Panga safari kwa miji, achana na kilometa

Mara ya kwanza nilipanga kilometa 600 kwa siku maana barabara ni lami safi haina matuta wala trafiki. Kosa. Ukivuta tela unatembea 90, unasimama kila masaa mawili, mafuta yanaisha haraka, na ukifika jioni umechoka unakula noodozi unalala. Utakuwa umeona lami tu. Sasa tunaenda kati ya 180 na 300, tunafika saa saba saa nane mchana, tunapata nusu siku ya mji. Njia yetu ilikuwa hivi.

Brisbane kupanda Toowoomba kuna mlima, ukipita barabara ya zamani ni kama Kitonga, lori linaguna linatambaa. Kuna bypass ya kulipia iliyofunguliwa 2019, ukiwa na tela lipia tu. Kushuka wakati wa kurudi weka gia ndogo toka juu, usikalie breki. Siku ya kwanza lala Chinchilla, mji wa matikiti.

Siku ya pili Roma, fupi tu. Roma usipite! Mtaa mmoja umepandwa miti yenye matumbo kama mibuyu midogo, watoto wangu waliruka, "baba mbuyu!" Sio mbuyu, ni mti wa kwao, shina limevimba kama chupa, na pale ni kumbukumbu ya wanajeshi wa mji waliokufa vita ya kwanza ya dunia, kila mti ulipandwa kwa jina la askari mmoja. Alafu pana mnada wa ng'ombe, Jumanne na Alhamisi, unaingia unaangalia kutoka kwenye madaraja ya juu. Mimi nimeishi Dar nimezoea mnada wa Pugu, kelele, fimbo, madalali wanavutana. Hapa pia dalali anaimba bei kwa kasi usielewe neno, wanunuzi wanakonyeza tu, na ng'ombe maelfu wanauzwa asubuhi moja kwa kilo. Panga Roma iangukie siku hizo.

Kutoka Roma mpaka Mitchell ni kilometa 88 tu na watu wanapita bila kusimama. Simama. Kuna bwawa la maji ya moto yanayotoka ardhini, chini ya Queensland na majimbo jirani kuna hodhi kubwa la maji, linachukua zaidi ya sehemu moja ya tano ya eneo la Australia nzima, na miji hii yote imeishi kwa sababu watu walichimba wakayafikia. Yananuka kidogo kama yai bovu, hata kwenye bomba la kuogea, hayana shida, unazoea siku ya pili. Mgongo uliokaa kwenye usukani ukiingia humo unasema asante.

Charleville siku mbili. Usiku kuna sehemu ya kuangalia nyota kwa darubini, lipia mapema. Mchana mjini kuna mizinga ya chuma imesimama kama faneli kubwa, imeelekea juu. Mwaka 1902 kulikuwa na ukame wa kutisha, mtaalamu wa hali ya hewa akaja na hiyo mizinga, wakaifyatua angani ili mvua inyeshe. Haikunyesha. Nilicheka sana maana kwetu mpiga mvua akishindwa anafukuzwa kijijini, hawa wameweka kumbukumbu. Pale pale kuna kituo cha madaktari wa ndege, ambao walianza kuruka 1928 kutokea Cloncurry kaskazini zaidi, hawa ndio hospitali ya watu wa mashambani mpaka leo. Sisi Afrika Mashariki tunawajua ndugu zao, AMREF wa Nairobi, wa 1957.

Kutoka hapo unaelekea kaskazini: Augathella, Tambo, Blackall. Tambo wanashona wadoli wa dubu kwa ngozi ya kondoo, binti yangu akanimaliza hela. Blackall wanakuhadithia habari za Jackie Howe, mkata manyoya ya kondoo ambaye 1892 aliwanyoa kondoo 321 kwa mkasi wa mkono ndani ya masaa saba na dakika arobaini. Piga hesabu, ni chini ya dakika moja na nusu kondoo mmoja, na kondoo anarusha mateke.

Barcaldine ukifika utaona mbele ya stesheni ya treni kitu kama paa kubwa la mbao zinaning'inia. Chini yake kuna kisiki. Ule mti wakata manyoya waliokuwa wamegoma 1891 walikuwa wanakutana chini yake, na chama cha Labor cha huku kinahesabu mizizi yake hapo. 2006 mtu akaumwagia sumu ukafa, ndio wakajenga hicho. Ukisimama chini upepo ukipiga zile mbao zinagongana taratibu, kaa dakika kumi.

Longreach lala siku mbili au tatu, ni mji mkubwa kwa kule ndani, nunua kila kitu hapo. Kuna jumba la kumbukumbu la wachunga ng'ombe lililofunguliwa 1988 na la ndege za Qantas, shirika la ndege la Australia, unaingia ndani ya ndege kubwa iliyopaki katikati ya vumbi. Mwisho Winton, kilometa 180 mbele, ambako Qantas yenyewe, iliyosajiliwa 1920, ilifanya mkutano wake wa kwanza wa bodi, na kuna mifupa ya dainosa. Nyayo za dainosa ziko Lark Quarry, kama kilometa 110 kusini magharibi na sehemu ya njia ni vumbi, karavani iache mjini uende na gari tu.

7. Ukiwa barabarani

Usiendeshe usiku, na usiku naanza kuhesabu saa moja kabla jua halijazama mpaka saa moja baada ya kuchomoza. Unakumbuka zile kilometa 50 za Mikumi, vibao vya faini za kugonga wanyama? Sasa fikiria Mikumi ya kilometa elfu moja. Kangaruu anaruka kutoka majanini anakuja kwenye taa, hakwepi. Ukimwona huwezi kumkwepa pia maana ukikata kona na tela nyuma umekwisha, punguza mwendo kwa mstari ulionyooka na kubali yatakayotokea. Mchana angalia emu (ndege kama mbuni), ng'ombe wasio na fensi, na tai wakubwa wanaokula mizoga barabarani, hao wanachelewa kuruka na ni wazito, piga honi mapema.

Malori ya kule yanavuta matela mawili matatu, yale marefu kabisa yanafika mita 53.5, ni kama mabasi manne yamefungwa pamoja. Likija mbele yako, shika usukani kwa mikono miwili, sogea kushoto kidogo ndani ya lami, tarajia upepo ukusukume kisha ukuvute. Kwenye zile barabara za lami nyembamba ya gari moja, punguza, toka nje ya lami kabisa, umwachie yeye, kwa sababu yeye akitoka anakurushia mawe kioo kizima. Likikufuata nyuma linataka kupita, usiongeze mwendo kwa kiburi. Likishaanza kuovateki wewe achia mafuta kidogo, mkia ukipita muwashie taa arudi kwake. Na wewe ukitaka kulipita hakikisha unaona zaidi ya kilometa moja mbele tupu, la sivyo subiri, kuna sehemu za kupishana zinakuja.

Gari na tela lako kwa pamoja ni gari refu kisheria, kwaiyo nje ya mji usimkalie gari refu mwenzako karibu, mita 60, na kwenye maeneo ya malori marefu mita 200.

Nunua redio ya upepo, ile wanayoita UHF, hata ya kushika mkononi. Malori wako chaneli 40, watu wa karavani chaneli 18. Mimi lafudhi yangu ya Kiswahili iliwachanganya kidogo mwanzoni ila dereva akikuuliza "karavani nyeupe unanisikia" mjibu tu, atakwambia wakati anapita. Andika jina lako na chaneli nyuma ya karavani wengi wanafanya hivyo.

Mafuta jaza ikifika nusu, usisubiri taa. Gari letu linakula lita 11 kwa kilometa mia likiwa peke yake, na tela linapanda 17, upepo wa mbele ukiwepo zaidi. Simu: Telstra ndio wanashika mbali kuliko wengine, lakini kati ya mji na mji mtandao unakufa, kwaiyo pakua ramani kabla na mwambie mtu uko wapi na utafika saa ngapi. Gari likiharibika usiondoke kwenda kutafuta msaada kwa miguu, kaa na gari, lina kivuli, lina maji, na linaonekana. Maji ya kunywa beba mbali na yale ya tangi, lita 10 kwa mtu kwa siku ndio amani ya moyo.

8. Kulala, choo na kula

Kuna njia tatu. Kambi ya kulipia yenye umeme na bafu, viwanja vya maonyesho ya kilimo vya mji ambavyo ni bei nafuu, na sehemu za kupumzikia pembeni ya barabara ambazo Queensland kwa kawaida zinaruhusu masaa 20, bure. Sisi tulichanganya, siku mbili bure siku moja ya kulipia tunaoga vizuri tunafua tunachaji. Apu ya WikiCamps inakuonyesha zote pamoja na maoni ya waliolala jana.

Choo cha karavani kina kopo linalotoka kwa nje kama droo. Kila mji una sehemu maalum ya kumwaga, usimwage porini wala kwenye choo cha sheli. Vaa glavu, zuia pumzi, fungua kile kifuniko cha hewa wakati unamwaga la sivyo linarudi likiruka. Hii kazi nilipewa mimi bila kura kupigwa.

Chakula: sembe, mchele, maharage na viungo beba kutoka Brisbane, huko hakuna duka la Kiafrika. Kitu kinachoniuma, Australia inaongoza dunia kwa kuuza nyama ya mbuzi nje na mbuzi wengi wanatoka huko huko porini, utawaona pembeni ya barabara makundi kwa makundi, lakini uingie buchani uulize mbuzi wanakuangalia. Kondoo ipo tele. Ugali kwenye jiko la gesi nje pika nyuma ya gari upepo usizime moto, na ukianza kusonga jirani atakuja kuuliza, mkatie kipande. Jioni moja pale Tambo tulikula ugali na wastaafu sita, mmoja akaniletea chupa ya sosi ya nyanya aumwagie, nikamwacha ni mzee.

Nzi, jamani. Nunua kile kiwavu cha kofia cha dola chache, kinachekesha mpaka siku ya kwanza nzi akuingie mdomoni. Na vaa viatu usiku, nyoka wapo.

9. Ukiingia mji mdogo

Dereva anayekuja mbele akiinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, na wewe inua. Hiyo ndio salamu yote. Jumamosi mchana maduka mengi yanafunga na Jumapili mji umelala, kwaiyo mkate na maziwa nunua mapema. Nunua kitu hapo hapo, mkate wa nyama, mafuta, hata barafu, maana hivi vimiji vinaishi kwa wapita njia. Utaulizwa umetoka wapi, sio mara moja. Mimi nasema Brisbane, wanasubiri, naongeza Tanga, Tanzania, hapo stori inaanza na hutoki dukani nusu saa. Wengi ni upweke tu na hamu ya kusikia. Anayekuuliza vibaya utamjua, lipa uondoke.

Sehemu kubwa ya ardhi ya kuelekea Augathella na Tambo ni ya Wabidjara, ya Longreach ni ya Wainingai, wenyeji wa asili wa Australia. Ukikuta kibao cha eneo lao usivuke, na mawe ya kumbukumbu usiokote.

10. Kurudi

Unaweza kurudi ulikotoka au Barcaldine ukate mashariki kupitia Emerald mpaka Rockhampton, ufuate bahari kushuka Brisbane. Ni ndefu zaidi, ila watoto wanaona maji.

Nyumbani mwaga tangi lote la maji, osha kopo la choo, friji iache mlango wazi, peleka beringi na breki za tela zikaguliwe. Vumbi lenyewe usijidanganye. Siku ya Lark Quarry karavani ilikuwa mjini imefungwa, gari ndilo lilikula vumbi, lakini kule nje ya Blackall tulipita kipande cha changarawe kilometa kumi tu na tela na nilisahau kufungua kidirisha cha juu cha mbele, ukikifungua hewa inajaa ndani vumbi haliingii, ukikifunga linanyonywa kupitia kila kitundu. Mama watoto wiki iliyopita amefungua kopo la hiliki, lina mfuniko wa kusokota, lilikuwa ndani ya mfuko ndani ya kabati. Jekundu mpaka chini.